Mwewe Yule, Si Mwewe Wote

Kivuli kinapokata uwanja, kuku mama akapiga kelele na vifaranga wakajibanza chini ya mbawa zake, sote hulaani mwewe. Mimi nasema tumlaani yule aliyeshuka. Leslie Brown, aliyechunguza jamaa za mwewe, tai wa Embu, Kenya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, aliwatambua ndege wake mmoja mmoja. Ukiwafuatilia hivyo, wazo la kwamba wote huwinda sawasawa halisimami. Hata kwa tai wakubwa wa Serengeti, jike ni mzito kuliko dume na humudu windo kubwa zaidi.

Utasema ni njaa tu, yeyote akibanwa atashuka. Njaa humsukuma ndege, nakubali, lakini haimwonyeshi njia. Aliyenyakua kifaranga katika boma moja hujifunza kurudi palepale, huku mwenzake akidaka kumbikumbi hewani baada ya mvua, au akivizia panya mashambani. Kwa hiyo mzoga uliotiwa sumu ili kumwua mwewe naupinga kwa moyo wote: haumchagui mkosaji, na wanaokufa kwa makundi ni tumbusi, ambao hawawindi kuku wako.