Mwenda Peke Yake

Je, ni halali mtu kuyaacha makao ya watu akaenda peke yake vilimani, kwa furaha ya moyo wake tu? Swali hili, wasomaji wapendwa, huulizwa siku hizi hata Bariadi. Pamba ikiisha kuuzwa na kiangazi kikikausha majani, kijana wa mjini, mwalimu labda au karani, hujitwika shanta yenye blanketi, chakula na maji, akaaga kwamba atalala siku tatu kwenye vilima vya mawe. Mama hushtuka. Baba huuliza: “Nani amekukosea?” Maana kwa wengi wetu, ajitengaye na wenzake ama amegombana nao, ama anaficha neno baya.

Tuanze na haki ya kijana. Asiyekaa peke yake kamwe huishi kwa maneno ya wengine, akidhani ni mawazo yake. Injili yatusimulia kwamba Bwana wetu aliondoka alfajiri akaenda mahali pasipo watu, akasali. Simoni na wenzake walipomtafuta na kumwona, hakuwakemea, bali alikwenda nao katika vijiji vya jirani. Basi upweke wenyewe si kosa.

Lakini je, yuko mtu aendaye peke yake kweli? Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro, na dunia ikayashika majina hayo mawili. Wachache wamkumbuka Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki katika kambi ya juu, kwenye baridi kali, akiwatunzia moto. Ushindi wa wawili ulibebwa na wapagazi wengi. Kadhalika kijana wetu: njia aipitayo imekanyagwa na wachungaji wa ng'ombe, na maji anywayo yatoka kisimani kilichochimbwa na wengine.

Na deni hilo huonekana wazi siku ya msiba. Upande wa mashariki nchi yetu yapakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, na tembo hutoka huko wakaingia mashambani. Kwenye mawe wamo nyoka, na mguu huteguka kwa hatua moja. Kijana asiporudi, mwano hupigwa, nao wanaume huacha chakula na usingizi, wakaingia gizani na tochi na fimbo. Aliyeenda alichagua hatari yake; hawa hawakuulizwa. Mtu aweza kuhatarisha mguu wake mwenyewe. Je, ni nani aliyempa ruhusa ya kuhatarisha wa jirani?

Atajibu mwingine: “Nikipotea, msinitafute.” La hasha! Neno hilo hana uwezo wa kulisema. Jirani asikiaye mwano akabaki kitini amepoteza kitu cha utu wake, na hakuna awezaye kumsamehe mwenzake wajibu wa kuwa mtu. Tunatafutana kwa sababu tu watu, wala si kwa sababu tuliombwa.

Hivyo basi, upweke halali hufungwa kwa ahadi. Kilimanjaro, sheria za hifadhi hazimruhusu mtu kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Vilimani kwetu hakuna lango wala karani wa kuandika majina. Dhamiri ya mtu ndiyo lango lake. Aseme aendako, njia atakayoifuata na siku atakayorudi, kisha alitimize neno lake hata kama siku ya nne ingekuwa tamu zaidi.

Nasi tubakio nyumbani tuna wajibu wetu, nao ni mzito zaidi. Katika Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa macho tu yaliyowekundu kwa moshi wa jikoni. Kijiji kimwonapo kila aliye peke yake kuwa adui, leo kitamcheka kijana mwenye shanta, na kesho kitamwendea na mapanga bibi mjane aishiye pembezoni. Dhana ni ile ile. Mwenye nguvu huponea kichekoni, na mnyonge hulipa kwa damu.

Kwa hiyo, vijana, nendeni mkaone uzuri wa nchi yenu, mkawaze, mkasali. Lakini acheni nyumbani neno la kweli juu ya safari yenu. Nanyi wazazi, msimwulize mwenda peke yake amekosana na nani. Mwulizeni atarudi lini, kisha mwacheni aende. Na kule pembezoni mwa kijiji, kwa yule bibi asiye na mtu, apelekwe mtoto jioni hii kumjulia hali.