Danieli Aliacha Nyama, Hakuacha Kula

Fungueni Danieli 10:2-3. Ni mwaka wa 3 wa Koreshi. Kundi la Wayahudi lilikwisha kurudi Yerusalemu kwa ruhusa ya mfalme huyo (Ezra 1), lakini mzee Danieli yuko bado ugenini. Akaomboleza majuma 3 bila nyama wala divai.

Mtu atasema, “Mchungaji, sisi nyama tunaiona Krismasi tu, tutaacha nini?” Asiye nayo Mungu hamdai.

Ninawasemesha hasa wajane na vijana mnaokaa peke yenu. Wengine wanaona kumpikia mtu mmoja ni kupoteza kuni, wanalala na chai, kisha wanaita hiyo mfungo. Sivyo! Loweka kikombe kimoja cha maharagwe usiku, kesho yataiva upesi. Nusu ule na ugali na lengalenga, nusu ibaki ya asubuhi. Kaa chini, shukuru kwa sauti hata kama hakuna wa kuitikia amina.

Mgonjwa anayemeza dawa na mama mwenye mimba wale wapatacho, hata nyama. Na familia iliyoacha nyama, pesa ile inunue chumvi na mawese, mtoto apeleke kwa jirani anayepika peke yake.