Hawa si Fukusi

Mjomba alilima Kahama huku jicho lake liko Geita, kwenye machimbo ya Nyarugusu. Gunia lisilo na bei Juni, wachimbaji hulinunua Januari bila kubishana. Basi akajaza kihenge, mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, akanyunyiza dawa ya vumbi aliyoizoea, akatulia.

Mwezi wa tatu tangu akijaze, unga ukaanza kuchuruzika chini ya kihenge.

"Fukusi tu hao," akasema mjomba. "Tumezaliwa tukawakuta."

Nikachukua gunzi moja nikalikung'utia kwenye ungo. Fukusi unamjua kwa ule mdomo wake mrefu kama mkonga, na madoa manne ya wekundu mgongoni. Hawa hawakuwa na mdomo wa namna hiyo. Vichwa vilikuwa vimeinamia chini ya kifua, hata ukiwatazama kwa juu utadhani hawana, na nyuma wamekatika wima kama gogo lililopitiwa na msumeno. Dumuzi. Wengine humwita Scania. Asili yake ni Amerika ya Kati, na Afrika alitambuliwa kwanza hapo jirani, Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Fukusi hula. Dumuzi husaga: sehemu kubwa ya anachotoboa wala haimfikii tumboni. Mahindi yanaweza kupoteza theluthi ya uzito ndani ya miezi sita, na makopa ya muhogo huyamaliza vibaya zaidi.

Dawa ya mjomba ilikuwa pirimifosi peke yake, ambayo ni kiboko ya fukusi. Dumuzi huiweza; kinachomuua yeye ni pemethrini. Ndiyo sababu ya vumbi lenye zote mbili, nalo hutaka mahindi yapukuchuliwe kwanza, kwani aliyejichimbia ndani ya gunzi halimfikii.

"Nipukuchue kihenge kizima kwa ajili ya kadudu?"

Januari gari la mnunuzi liligeuza tupu.

Safari hii alisikia. Alichoma magunzi, akafagia, akanunua dawa ya mchanganyiko. Fito za kihenge akaziacha. Miti mizuri, alisema, ya kukata mbali. Kumbe dumuzi ni mdudu wa porini, na mti mkavu kwake ni nyumba.

Mavuno yaliyofuata mkewe ndiye aliyemwita. Aligonga fito moja kwa ukucha, akakinga kiganja chini yake. Kikajaa unga.