Je, tumfukuze aliyekwisha kufukuzwa?



Ndugu msomaji, shule ninayofundisha huwezi kuiona ukipita barabarani. Haina uzio, haina bendera wala basi la wanafunzi. Ni chumba kimoja na kibaraza nyuma ya msikiti, upande wa Temeke hapa Dar es Salaam. Masomo huanza baada ya Swala ya Adhuhuri na kumalizika kabla ya Magharibi. Wanafunzi ni 43. Wapo wanaojiandaa na Mtihani wa Maarifa, ambao wengi tunaujua kwa jina la QT, na wapo waliokwisha kuuvuka wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea.

Ni nani hawa? Ni dereva wa bodaboda ambaye hakupata kusoma sekondari. Ni binti aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani akiwa na miaka 13. Ni kijana aliyefukuzwa shule kwa utovu wa nidhamu. Na ni wasichana walioondolewa shule kwa sababu ya mimba. Tunakumbuka kuwa Juni 2017 Rais wa wakati huo, John Magufuli, alitamka hadharani kwamba msichana aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali, na kwamba Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kuwa wasichana hao wanaruhusiwa kurudi. Jambo hilo lilikuwa na kheri. Lakini mwenye mtoto ambaye naye ameshaanza darasa la kwanza, ni vigumu kwake kurudi kukaa dawati moja na watoto wa miaka 14. Huyo huja kwetu. Kwa hiyo ukituuliza shule yetu ni ya namna gani, tutakujibu kwamba ni ya watu ambao kila mmoja ana mlango uliofungwa nyuma yake.

Watu wa namna hii hawawezi kusoma kila mtu kivyake. Jumamosi wanafagia, wanachota maji na kupika wali na maharage, na anayeuza mboga sokoni huja na mafungu ya mchicha yaliyobaki. Mama mwenye mtoto mchanga akiwa kwenye jaribio, mtoto hupokewa na mwenzake aliyemaliza. Baada ya Alasiri hukaa shura, na mwenyekiti ni mwanafunzi. Sisi walimu tunasikiliza, tunaweza kuomba ruhusa ya kusema, lakini hatupigi kura. Tumeweka utaratibu huo kwa makusudi, kwa sababu Qur'an katika Suratush-Shuura, aya ya 38, inawasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao, na mtu hajifunzi kushauriana kwa kukariri aya hiyo tu.

Lipo pia sanduku. Kila Jumamosi kila mwanafunzi hutia shilingi 200, za kumsaidia aliyefiwa, aliyeugua au aliyekwama ada ya mtihani. Ni fedha ndogo, lakini kwa anayelipwa kwa kubeba mizigo sokoni, 200 ni sehemu ya nauli ya kurudi nyumbani.

Jumamosi moja sanduku lilifunguliwa likakutwa tupu. Zilikuwamo shilingi 68,400, na zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi ya kukamilisha ada ya mtihani ya wanafunzi wawili, siku chache kabla ya usajili kufungwa. Ufunguo alikuwa nao mweka hazina, kijana wa miaka 19, aliyechaguliwa na wenzake wenyewe. Hakuzunguka. Alisimama akasema fedha amezichukua yeye, kidogo kidogo, akabetia. Kila mkeka ulipochanika alichukua tena ili arudishe za mwanzo.

Hakukuwa na mama mgonjwa wala mdogo mwenye njaa. Laiti angekuwepo, kazi yetu ingekuwa nyepesi.

Shura ikapiga kura. Yeye mwenyewe hakupiga. Waliotaka afukuzwe ni 26, waliopinga 11, na watano hawakunyoosha mkono. Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikazungumza juu ya tawba na upana wa rehma ya Allah, nikawakumbusha kwamba wao wenyewe wamefukuzwa kwingine na wanajua uchungu wake. Nilidhani nimesema vizuri.

Wa kwanza kunijibu alikuwa dereva wa bodaboda. Akasema, "Ustadh, si wewe uliyetusomesha kisa cha mwanamke wa Banu Makhzum?" Kisa hicho kimepokewa na Bukhari na Muslim. Mwanamke wa ukoo mtukufu aliiba, watu wakamtuma Usama bin Zayd (RA) amuombee kwa Mtume (SAW). Mtume alikasirika, akaeleza kwamba waliokuja kabla yetu waliangamia kwa kumwacha mkubwa anapoiba na kumwadhibu mnyonge, na akaapa kwamba hata angekuwa binti yake Fatma angemtendea vivyo hivyo. Kijana yule akauliza, "Sasa wewe leo si ndiye Usama?"

Wa pili alikuwa mmoja wa wale wawili waliokosa ada. Huyu aliondolewa shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya mimba. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi nilifukuzwa na sikumwibia mtu. Ustadh, hakuna mwalimu aliyesimama kuniombea."

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Niliomba uamuzi usubiri wiki moja, wakakubali. Usiku ule nilijiuliza: huruma niliyoitoa pale ilikuwa mali ya nani? Mimi sikutia 200 katika sanduku lile. Si mimi niliyekuwa nakosa mtihani. Nilisamehe kwa mfuko wa watu wengine, kisha nikawaona wao ndio wenye mioyo migumu. Na hili ndilo kosa letu sisi wenye vyeo vidogo vidogo, walimu, maimamu na wazee wa familia. Twapenda sana kusuluhisha haraka ili mambo yatulie, na aliyedhulumiwa tunamwambia asubiri malipo Akhera, kana kwamba subira ni wajibu wake peke yake.

Wanazuoni wetu walikwisha kutufundisha kutofautisha haki ya Allah na haki za waja. Anayekosa baina yake na Mola wake hutubu kwa kuacha kosa, kujuta na kuazimia kutorudia. Anayekula haki ya mja huongezewa sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kumwomba amsamehe. Sharti hilo hawezi kulifuta mwalimu.

Je, basi wale 26 walikuwa sahihi? Hapo ndipo nilipokirudia kisa kile cha mwanamke wa Banu Makhzum, nikagundua kwamba siku zote tunakisomesha nusu. Hukumu ilitekelezwa, hilo ni kweli. Lakini Bibi Aisha (RA) anaendelea kusimulia kwamba baadaye mwanamke yule alitubia tawba nzuri, akaolewa, na alikuwa akija kwake, naye Bibi Aisha akimfikishia Mtume (SAW) haja zake. Tazama jambo hili! Mtu aliyehukumiwa hadharani anabisha hodi katika nyumba ya yule yule aliyemhukumu, na anafunguliwa. Adhabu ilimfika, lakini Madina haikumtoa.

Hizi ni haki mbili tofauti, nasi tumezoea kuzichanganya. Ipo haki ya jamii kudai alichoharibu mkosaji, na ipo haki ya mkosaji kubaki mtu miongoni mwa watu. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinautaja wizi miongoni mwa makosa ya kumfukuzia mwanafunzi. Pengine shule kubwa inaweza kusema aende kwingine. Lakini shule ambayo ndiyo hiyo kwingine, itamwambia aende wapi? Kumfukuza mtu kutoka mlango wa mwisho ni kumhukumu kwamba hatatengenea kamwe, na hukumu hiyo hatukupewa sisi. Tena akienda, deni anakwenda nalo. Waliodhulumiwa wanabaki na ahueni ya siku moja na sanduku tupu.

Jumamosi iliyofuata nilianza kwa kuwaomba radhi wale wawili, kisha nikasimulia nusu ya pili ya kisa. Sikuongeza neno. Walijadiliana mpaka karibu na Magharibi. Waliamua kwa kura 24 dhidi ya 14, wanne wakinyamaza, kwamba abaki darasani, arudishe fedha yote kidogo kidogo mbele ya shura, asishike amana ya mtu mpaka amalize shule, na kwamba msamaha ni wa wale wawili peke yao, mtu yeyote asiwashinikize.

Wale wawili walisajiliwa siku ya mwisho kwa mkopo wa muuza chipsi jirani. Kijana mpaka sasa amerudisha shilingi 27,500. Wiki moja alileta 500, wiki nyingine hakuleta kitu, akasimama akasema hana. Dereva wa bodaboda bado anaamini tulikosea. Binti yule hajamsamehe. Anakaa upande wa pili wa chumba, na kijana akisoma kwa sauti yeye huinamia daftari lake. Zamani ningewaita ofisini niwapatanishe. Sasa najua kwamba hilo si langu.

Waislamu wenzangu, tunazo shule na madrasa ambazo mtoto akikosea huondolewa haraka, na sababu inayotolewa ni kulinda jina la shule. Tujiulize kwa uaminifu: tunamlinda aliyedhulumiwa, au tunalilinda jina? Maana mara nyingi mkosaji hufukuzwa na aliyekosewa halipwi chochote. Na upande mwingine tunao wasamehevu wa haraka, kama nilivyokuwa mimi, wanaogawa msamaha usio wao. Wote wawili hawajamuuliza mwenye haki.

Twamuomba Allah (SW) atujaalie uadilifu usiofunga mlango, na huruma isiyolipwa kwa jasho la wengine. Amin.