Imani Yakupa Nini?

Ndugu wakatekumeni,

Siku ile mliposimama mlangoni pa kanisa, mliulizwa mnaomba nini kwa Kanisa la Mungu. Mlijibu: Imani. Mkaulizwa tena: Imani yakupa nini? Mkajibu: Uzima wa milele.

Lakini jioni, chungu kikiwa kitupu, swali lile larudi kwa uchungu. Imani yanipa nini? Katika nchi yetu ya Uvira wengi wameliuliza. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliwafukuza watu mpaka ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya Nyarugusu na nyinginezo huko Kigoma. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukachukua nyumba na watu. Kisha Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda, likaingia vyumbani mwa watu. Mwenye kuhesabu hasara asema: Nimesali, nimejifunza katekisimu, nimepata nini?

Tusimkaripie mtu huyo. Hata Ayubu aliuliza. Bali tumjibu kwa jambo lililotendeka katika nchi yetu wenyewe.

Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi ya Simba, wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Fransisko Saveri walikuwa Baraka, kando ya ziwa. Waasi walimpiga risasi Bruda Vittorio Faccin, akafa. Kisha walimwamuru Padri Luigi Carrara apande gari lao. Hakupanda. Alipiga magoti karibu na maiti ya ndugu yake, akauawa papo hapo. Siku ile ile, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert, mzaliwa wa Kongo. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri.

Angalieni vema. Imani haikumpa Padri Carrara ngao ya kuzuia risasi. Ilimpa moyo usiomwacha ndugu. Ndio moyo wa Bwana wetu Yesu Kristu, ambaye hakushuka msalabani akatuacha sisi. Na moyo huo ndio mwanzo wa uzima wa milele, kwa maana kifo chenyewe hakikuweza kuushinda.

Basi usingoje maji ya ubatizo ndipo uanze. Mwenzako wa mafundisho hakuonekana juma hili? Nenda kwake, labda ana njaa au homa. Wakimbizi wamefika kijijini? Wagawie mihogo, hata kama ni kidogo. Mjane alikimbia vita, nawe ukasogeza mpaka wa shamba lake? Mrudishie kabla hujaandikiwa jina la ubatizo. Na vijana wakikuita usiku kulipiza kisasi juu ya watu wa kabila jingine, wajibu: Mimi nimekwisha kutiwa alama ya msalaba, siendi.

Hayo hayatarudisha ng'ombe waliopotea, wala nyumba iliyo chini ya maji. Lakini pale ambapo hakuna aachwaye peke yake, taabu haina neno la mwisho.

Jioni hii, kabla ya kulala, kila mmoja ajiulize mbele ya Mungu: Ni nani niliyemwacha peke yake?

Wenyeheri mashahidi wa Baraka na Fizi, mtuombee.