Mbwa Aliyeachwa Peke Yake

Je, mnyama anayelia kwa sababu mwenyewe ametoka ni mkaidi, au ni mwenye hofu? Huenda baadhi ya wasomaji wakacheka kumwona mzee wa Mlandege, aliyemaliza umri wake katika skuli na chuo cha ualimu, akikaa kuandika habari za mbwa. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama tutamshikia mnyama huyo fimbo au tutamtafutia dawa. Na utu wa mtu hujulikana zaidi kwa namna anavyomtendea asiyeweza kumshitaki.

Hapa Unguja wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, yanayohesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa hiyo hatumwingizi ukumbini. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inaruhusu kumfuga kwa ulinzi, kwa kuchunga mifugo na kwa kuwinda. Huko mashamba, wasasi hutoka kwa makundi pamoja na mbwa wao kuwasaka nguruwe mwitu wanaoharibu mazao. Mbwa wa msasi hutembea, huchoka, na huwa pamoja na wenziwe. Mbwa wa mjini maisha yake ni mengine: hufungwa uani, mlango ukatiwa kufuli, na watu wote wakaenda zao.

Jirani mmoja alikuwa na mbwa wa namna hiyo. Kila familia ilipoondoka, mbwa alibweka na kukwaruza mlango mpaka kucha zikatoa damu. Siku moja aliruka ukuta na mnyororo shingoni, akabaki ananing'inia. Vijana waliokuwa barazani wakamwahi. Mwenyewe aliporudi jioni alimpiga.

"Mwalimu, huyu ana inda," akaniambia. "Sisi tukiwapo hafanyi haya."

"Mwanangu," nikamjibu, "mtoto mtundu, mwalimu akitoka darasani, hucheza. Hajikwaruzi mpaka akatoka damu."

Naam, hapo ndipo penye tofauti. Utundu una faida kwa mwenye kuufanya, wahaka hauna. Anayejiumiza ili amfuate mtu hafanyi inda.

Sisi walimu tulisomeshwa habari za Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, ambaye mbwa wake walitokwa na mate kwa kusikia tu ishara ya chakula. Habari isiyosimuliwa sana ni ile ya mafuriko ya Leningrad, Septemba 1924. Maji yaliingia katika mabanda, na mbwa wake wakaokolewa wakiwa karibu ya kuzama. Baadaye baadhi yao walipoteza yote waliyofunzwa. Mmoja alirejewa na mafunzo yake pale mtafiti alipokaa naye chumbani. Hofu, basi, hufuta elimu, na dawa yake ya kwanza ni kuwapo kwa mtu.

Kwa sababu hiyo, kipigo cha jioni hakifundishi kitu. Mbwa hakiunganishi na mlango alioukwaruza asubuhi. Hukiunganisha na kurudi kwa bwana wake. Hapo huwa na hofu mbili badala ya moja.

Mafunzo yenyewe ni ya subira. Mbwa hujua safari kwa kuona viatu na kusikia funguo. Basi chukua funguo, kisha keti. Rudia mpaka sauti yake isimshitue. Halafu toka nje kwa muda wa pumzi chache, urudi kabla hajaanza kulia. Kesho dakika moja, kisha mbili, kisha tano. Haba na haba hujaza kibaba. Kutoka na kurudi kuwe kwa utulivu, bila ya makelele. Kabla ya kumwacha, mtembeze na umlishe, umwachie maji, kivuli na kitu cha kutafuna. Usimfunge mnyororo karibu na ukuta, wala usiache nyaya za umeme mahali anapofikia. Katika siku hizo za mafunzo, asikae peke yake kupita kiasi alichokwisha kukizoea. Akae naye mtu wa nyumbani, au jirani aliye radhi. Akiendelea kujiumiza, aonwe na daktari wa mifugo, kwani dawa zipo.

Mtu ataniuliza: katika mji ambao watu wanahangaika na ada za watoto na bei ya unga, nani ana nafasi ya kumbembeleza mbwa? Swali ni la haki. Lakini tukumbuke kile kisa mashuhuri katika hadithi za Mtume, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Wajibu wake ulianzia pale alipofunga mlango. Mnyama wa mwituni hatudai kitu. Huyu tuliyemtia mnyororo tumemnyang'anya wenziwe na miguu yake, tukambakishia sisi tu. Tukiondoka, ameondokewa na ulimwengu mzima.

Hakuna aliyelazimishwa kufuga. Asiyeweza kulilipa deni hilo na anunue kufuli nzuri, aujenge ukuta wake uwe mrefu. Hivyo havimlilii mtu.