Nani Mwenye Kauli juu ya Mgonjwa wa Akili?

Ndugu zetu wa darsa wameleta suala, nasi tumeona yafaa kulijibu kwa urefu, kwani halimhusu aliyeuliza peke yake. Suala lenyewe ni hili. Mtu ana nduguye aliyepatwa na maradhi ya akili, naye huenda hospitali kila mwezi kuchukua dawa. Huko akakutana na watafiti, wakamtaka ajibu masuala yao na atoe mate kidogo katika kichupa, ili maradhi yale yapate kujulikana asili yake. Je, ridhaa yake yatosha, na hali mtaa mzima wamwita mwenda wazimu? Au ridhaa ni ya babake na nduguze? Na ikiwa yeye ataka na wao hawataki, nani afuatwe?

Jambo hili si la kubuni. Kuanzia mwaka 2018 palifanywa utafiti mkubwa katika nchi nne, nazo ni Kenya, Uganda, Uhabeshi na Afrika ya Kusini. Makusudio yake yalikuwa kukusanya mate ya watu 17,000 wenye maradhi makubwa ya akili, kama skizofrenia, na wengine 17,000 wasiokuwa nayo, ili jeni zao zilinganishwe. Katika Kenya kazi hiyo ilishikwa na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na taasisi ya utafiti iliyoko Kilifi, jirani zetu. Sababu yake ni ya haki. Watu waliokwisha kuchunguzwa jeni zao ulimwenguni wengi wao mno ni wenye asili ya Ulaya, na Waafrika ni wachache sana kati yao. Dawa itakayotoka katika ilimu hiyo itakuwa imekatwa kwa kipimo cha mwili wa mwengine, kama kanzu iliyoshonwa kwa ajili ya jirani.

Pamoja na hayo, watu wa mji wana shaka. Wako wasemao kuwa damu na mate huuzwa Ulaya, na wako wanaotaja mashetani. Maneno hayo hatuyasadiki, lakini hatuwacheki wanaoyasema. Shaka ina mzazi wake. Dakta J. C. Carothers alikuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 mpaka 1950. Aliwatazama wagonjwa wake, akaandika habari zao, na mwaka 1951 akatoa kauli kwamba Mwafrika haitumii sehemu ya mbele ya ubongo wake kama itumiwavyo na Mzungu, hata akamfananisha na Mzungu aliyekatwa ubongo kwa kisu cha tabibu. Mwaka 1953 kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilipigwa chapa na Shirika la Afya la Ulimwengu, na mwaka wa pili yake Serikali ya kikoloni ikamtaka aeleze Mau Mau ni maradhi gani. Watu wametaka ardhi yao, wakatafutiwa ugonjwa! Na wale wagonjwa wa Mathari ambao hali zao zilijengewa hoja hizo, hapana aliyewauliza kama wameridhika kuwa ushahidi juu ya wenzao.

Basi mwenye kuuliza leo, "Mate yangu yaenda wapi, na yatasemwa nini juu yangu?", huyo ameuliza suala la mwenye akili timamu.

Tuingie katika suala la ridhaa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili matabibu wa Kijerumani walihukumiwa katika mji wa Nuremberg kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, na mwaka 1947 ikatolewa kanuni ambayo sharti lake la kwanza ni ridhaa ya hiari ya mtu mwenyewe. Sharti hilo ni zuri, lakini ukilishika kwa dhahiri yake, mwenye maradhi ya akili hatafanyiwa utafiti kabisa, na maradhi yake yatabaki gizani. Kwa hivyo katika Azimio la Helsinki la mwaka 1964 matabibu walifungua mlango wa pili: asiyeweza kuridhia, walii wake aridhie kwa niaba yake.

Mlango huo wa walii ndio tunaoutilia mashaka, kwani umekwisha kupitiwa na madhara. Huko New York, Marekani, palikuwa na nyumba ya watoto wenye upungufu wa akili iitwayo Willowbrook. Kuanzia mwaka 1956, kwa muda wa miaka kadha wa kadha, matabibu waliwatia baadhi ya watoto wale maradhi ya ini kwa makusudi, ili wayajue maradhi na kinga yake. Wazazi walitia saini. Lakini ulipofika mwaka 1964 nyumba ile ilikuwa imejaa, haipokei mtoto mpya, isipokuwa katika wadi ya utafiti. Mzazi aliyechoka, asiye na pa kumweka mwanawe, akiambiwa mlango mmoja tu ndio ulio wazi, saini yake ni ridhaa gani? Na hata ikiwa ni ridhaa, ni ridhaa ya mzazi. Homa iliingia katika mwili wa mtoto.

Sasa tutazame fikihi yetu, kwani mafakihi walilizungumza jambo hili katika milango ya mali na mikataba kabla haijazaliwa maabara yoyote. Kwanza, hawakuufanya wazimu kuwa kitu kimoja. Waligawanya: uko wazimu wa kudumu usiomwachia mtu nafasi, na uko wazimu wa kwenda na kurudi. Mwenye huu wa pili, wakati akili yake imemrejea, auza na anunua, na kauli yake ni kauli. Hapana aliyesema kwamba mtu akishapatwa mara moja ulimi wake umefungwa maisha. Sisi ndio tuliolizua hilo, katika mabaraza yetu na majumbani mwetu, tunapomwita mtu "yule mwehu" miaka kumi baada ya kupona, na binti yake akija kuposwa likatajwa.

Pili, walii hakupewa mamlaka ya mwenye mali. Amepewa ulinzi. Aweza kuuza cha mahjuri wake palipo na maslaha yake mahjuri. Hawezi kukitoa zawadi, hata kama zawadi yenyewe ni ya kheri na wapokeao ni masikini. Zawadi hutolewa na mwenyewe, akiwa na akili yake.

Na kutoa mate kwa ajili ya utafiti ni nini? Si tiba. Mgonjwa hapati dawa kwa mate yale, wala harudishiwi jibu la kumfaa kesho. Ni sadaka ya mwili wake kwa watu asiowajua, pengine kwa watu ambao hawajazaliwa. Ikiwa walii hawezi kutoa sadaka kibaba cha mchele wa mahjuri, atautoa vipi mwili wake? Kwa hivyo jawabu la suala la kwanza, kwa rai yetu, ni kwamba mwenye kauli ni mgonjwa mwenyewe katika wakati wa utambuzi wake. Jamaa wakikataa naye ameridhia kwa akili, yeye ndiye afuatwaye. Wao wakiridhia naye amekataa, hata kwa kugeuza uso tu, aachwe. Na akiwa hana utambuzi, asubiriwe.

Utasema: na huo utambuzi utajulikana kwa nini? Hapa watafiti wamefanya jambo la kusifiwa, nasi twalisifu kwa kuwa haki husifiwa popote ilipo. Katika utafiti tuliotaja, mtu alielezwa habari yote, kisha akaulizwa masuala 10: utafiti huu ni wa nini, je, ni lazima uingie, kuna madhara gani, utafaidika nawe mwenyewe? Kila jibu hupewa alama 0, 1 au 2. Asiyefahamu huelezwa tena, na asiyeweza kufahamu haingizwi. Mtindo huu ulitungwa Marekani mwaka 2007, na ubora wake ni kwamba haumuulizi mtu jina la maradhi yake. Wamuuliza amefahamu nini. Wako wenye skizofrenia watakaojibu yote, na tunawajua wenye akili zao ambao hutia saini karatasi za benki bila ya kusoma mstari.

Hapa pana pingamizi, nalo ni la kweli. Ikiwa tutawachukua wenye utambuzi peke yao, wale walioshikwa zaidi, ambao ndio wahitaji zaidi, watabaki bila ya ilimu ya kuwafaa. Na ilimu tuliyo nayo leo haikupatikana kwa adabu hii. Katika miaka ya 1940 tabibu wa Australia, John Cade, aliwadunga vinyama vya maabara chumvi ya madini yaitwayo lithiamu, akawaona wametulia. Akawapa wagonjwa 10 wenye wazimu wa furaha na ghasia. Mmoja alikuwa amekaa hospitali miaka mingi. Baada ya miezi michache akatoka akarudi kazini kwake. Dawa hiyo mpaka leo inawatuliza watu, na huenda msomaji anamjua mtu atumiaye. Lakini mgonjwa yule yule wa kwanza alikufa mwaka 1950, na lithiamu ile ndiyo iliyomtia sumu. Wala kwa zama zile mgonjwa hakuwa akielezwa na kuulizwa kama leo.

Je, tuseme Cade alikosa? Sisi twatenganisha. Cade alitaraji kumponya yule yule aliyempa dawa. Hiyo ni tiba yenye khatari, na walii ana njia ya kuiridhia ikiwa tiba nyengine imeshindwa, kama anavyoridhia upasuaji. Huko Willowbrook mtoto alitiwa ugonjwa ili ilimu ipatikane. Kwa hivyo aliyeshikwa na wazimu wa kudumu, jaribio linalotarajiwa kumfaa yeye mwenyewe laweza kuridhiwa na walii wake mbele ya matabibu wengine wasio na haja na utafiti. Ama kuchukua kutoka kwake kwa ajili ya wengine, hapana. Tunajua kwamba kwa hukumu hii ilimu itachelewa, na uchelewaji huo utalipiwa na wagonjwa. Twaikubali bei hiyo kwa uzito, kwani njia ya pili ni kumfanya asiyeweza kusema kuwa shamba la wanaoweza.

Lakini liko kosa jengine ambalo sisi twaliona kubwa kuliko yote, nalo halina mshindo. Katika lugha yetu daktari hufanya uchunguzi, na mtafiti naye hufanya uchunguzi. Wote wawili wamevaa koti jeupe, wote wamekaa katika jengo moja. Mama aliyemleta mwanawe kutoka mbali akisikia "tutamchunguza", moyo wake wajaa matumaini. Afahamu kwamba sasa mwanawe atatibiwa kwa ilimu ya juu. Watafiti wa Kilifi wenyewe walitoa makala mwaka 2004 juu ya ridhaa katika Pwani yetu, wakaeleza kuwa wazazi wengi hawakuwa wakitenganisha utafiti na matibabu. Wala si upungufu wa watu wa Pwani. Huko Marekani jambo hili limeandikwa tangu mwaka 1982, kwamba mgonjwa huamini kila afanyiwacho ni kwa ajili yake.

Huu ndio ule tunaouita gharari: mmoja auza kitu, mwengine anunua kitu chengine, na karatasi ni moja. Mate hayakuibwa, saini ipo, heshima imetunzwa, na mama arudi nyumbani akingoja jibu ambalo halitakuja. Atangoja mwezi, atangoja mwaka. Mtafiti asiyelisema neno hili kwa uwazi, tena mwanzo wa maneno na si katika ukurasa wa tano, "Hii si tiba, mwanao hatapata nafuu kwa haya", huyo hakupewa ridhaa yoyote hata akiwa na saini elfu. Na alama zote 10 ziwe 20, suala hili moja likikosewa tusingemwingiza mtu.

Imebaki hoja ya jamaa. Husema: mate yake yana nasaba yetu sote, likijulikana lake limejulikana letu, na mabinti zetu hawataolewa. Hoja hii ina ukweli wa nusu. Ni kweli jeni za ndugu hukutana. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2022, wa wagonjwa wa skizofrenia 76,755, ulikuta mahali 287 katika urithi wa mwanadamu panapohusika na maradhi hayo, na kila pahali mchango wake ni mdogo sana. Vitu hivyo vimetawanyika katika watu wote. Anayeuliza ukoo wa mchumba kisha akajipongeza kuwa amekwepa wazimu, mwenyewe anazo sehemu yake. Jamaa wana haki ya kuelezwa na ya kuona kwamba jina la mtu wao limefichwa. Haki ya kumnyamazisha hawana. Na tumeona kwamba mara nyingi walii anayejitokeza siku ya mate, akadai aulizwe yeye, ni yule yule ambaye mwaka mzima hakumpeleka nduguye hospitali, wala hakumnunulia dawa zilipokwisha.

Ama suala la mwisho la aliyetuandikia, kama nduguye apokee nauli anayopewa na watafiti: apokee, ni badali ya siku yake na ya gari yake. Ikiwa imezidi nauli hata ikawa ndiyo iliyomleta, hapo na aulizwe upya kama angekuja bila ya hiyo. Na pesa hizo atiwe mkononi mwake yeye, asipewe nduguye amshikie.